Karatasi zilipatikana, mpangilio ukapotea: uchambuzi wa kisa cha hifadhi ya nyaraka ya Köln

Tarehe 3 Machi 2009, dakika chache kabla ya saa nane mchana, jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kihistoria ya Jiji la Köln, Ujerumani, liliporomoka na kuzama katika shimo lililofunguka kwenye mtaa wa Severinstraße. Waliokuwa ndani, wafanyakazi na wasomaji, walitoka salama kwa kuwa mafundi wa ujenzi wa reli ya chini ya ardhi waliwahi kuwatahadharisha. Vijana wawili waliokuwa katika nyumba za jirani walifariki.

Kilichofukiwa ni takriban kilomita 30 za rafu. Humo mlikuwa na hati ya mwaka 922, hati nyingine zipatazo 65,000 zikiwemo za ngozi zenye mihuri ya nta, madaftari ya baraza la jiji tangu enzi za kati, ramani, mabango, picha, pamoja na karatasi binafsi za mamia ya watu, mwandishi Heinrich Böll akiwa mmoja wao. Wasikilizaji wa siku nyingi wa Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle wanaujua mji huu, maana redio hiyo ilikuwa na makao yake hapo hadi 2003.

Miaka miwili na nusu baadaye, uokoaji ulipofungwa, karibu asilimia 95 ya nyaraka zilikuwa zimepatikana. Nusu ya kisa imo humo. Nusu ya pili, ambayo ndiyo iliyokula miaka na fedha, ni kwamba nyaraka zilizopatikana hazikujulikana ni zipi. Taasisi yoyote inayotunza kumbukumbu, au kampuni inayotoa huduma kwa taasisi hizo, ina mengi ya kuchukua katika nusu hiyo ya pili.

Jengo zuri, jirani mbaya

Jengo lililoanguka lilikuwa la mwaka 1971 na lilisifiwa na wataalamu wa fani hii. Kuta zake zilikuwa nene, za matofali, na madirisha yake yalikuwa nyufa nyembamba zilizopitisha hewa taratibu, hivyo joto na unyevu ndani vilibadilika polepole bila mashine kubwa za kupoza hewa. Ujenzi huo uliitwa Mfano wa Köln na uliigwa kwingineko. Kwa nchi ambako umeme hukatika, wazo hilo bado lina thamani kubwa, na kuanguka kwa jengo hakukulifuta.

Tatizo lilitoka nje ya uzio. Mbele ya hifadhi kulikuwa na shimo la ujenzi wa reli lenye kina cha zaidi ya mita 25, limezungukwa na ukuta wa zege uliomwagwa ardhini ili kuzuia maji na mchanga. Uchunguzi wa mahakama ulibaini kwamba sehemu moja ya ukuta huo ilikuwa na kasoro: jiwe kubwa lilikuwa limemzuia mchimbaji, zege halikukamilika mahali hapo, pakabaki uwazi. Maji na mchanga vilipenya na kuingia shimoni, na ardhi iliyobeba hifadhi ikawa tupu. Kabla ya siku hiyo jengo lilikuwa limekwisha kuonyesha nyufa na dalili za kutitia.

Kwa kawaida mtunza nyaraka huorodhesha moto, bomba kupasuka, paa kuvuja, mchwa na wizi. Shughuli za jirani haziandikwi, na hapo ndipo orodha inapopungua. Ujenzi ukianza mita 30 kutoka ghala la nyaraka, hatua za chini kabisa ni hizi: bandika vipimo vya kioo au plastiki juu ya kila ufa, andika tarehe na upana kila wiki, mpelekee msimamizi wa ujenzi nakala kwa maandishi, na anza kuhamisha nyaraka zisizo na nakala kutoka upande wa jengo unaoelekea shimo. Ufa unaokua milimita moja kwa wiki hausubiri kikao cha robo mwaka.

Saa za kwanza, na maji yaliyotofautiana

Siku za mwanzo kifusi kilikuwa mikononi mwa zimamoto, kwa kuwa watu wawili walikuwa hawajapatikana. Ndivyo inavyopaswa, na mtunza nyaraka asiyekubali hilo tangu mwanzo atagombana na watu anaowahitaji. Wakati huo kazi yake ni ya pembeni: kupata mahema na paa la muda juu ya kifusi, kwani mvua ya Machi ilikuwa inatishia, kutafuta ukumbi mkubwa, maboksi, magari, na kuwaeleza waokoaji karatasi inafananaje ikiwa imechanganyika na vumbi la matofali. Kifusi kilichokusanywa kilipelekwa kwenye ukumbi mkubwa katika eneo la Porz, kikachambuliwa kwa mkono. Mamia ya wajitoleaji walipanga foleni ya zamu, wengi wakiwa watunza nyaraka, mafundi wa karatasi na wanafunzi kutoka sehemu nyingine za Ujerumani na nje yake.

Ukumbini kila kitu kiligawanywa katika makundi matatu. Kilicho kikavu kilipigwa brashi laini kuondoa vumbi la zege, kisha kikafungwa. Vumbi hilo halipaswi kupuuzwa: lina alkali, chembe zake ni kali, na ukilisugua kwa kitambaa chenye maji unalikandamiza ndani ya nyuzi za karatasi. Chenye unyevunyevu kilitandazwa kikauke kwa hewa. Kilicholowa kabisa kilisuuzwa kwa maji safi kuondoa tope, kikaviringishwa kwenye plastiki laini ya kufungashia, kikapelekwa kugandishwa. Kusuuza kuna mipaka yake: wino wa mihuri ya ofisi, rangi za maji za ramani za zamani na kalamu za kisasa za wino huyeyuka, kwa hiyo kila aina hujaribiwa kwanza kwa tone moja kwenye kona.

Jambo moja huwashangaza wengi. Sehemu ya nyaraka ilikuwa imezama chini ya usawa wa maji ya ardhini, na ilitolewa kwa mtambo uliojengwa maalumu, kazi iliyoendelea hadi 2011. Nyaraka zilizokaa zaidi ya mwaka mmoja majini bado zilisomeka. Sababu ni kwamba maji ya chini ya ardhi ni ya baridi na yana oksijeni kidogo, na kuvu haioti humo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye karatasi yenye unyevu iliyoachwa hewani: kuvu huanza ndani ya saa 48 hadi 72, na kwenye joto la nyuzi 30 na hewa nzito ya pwani, hata kabla ya hapo. Kwa hiyo ukikuta boksi limezama kwenye maji safi yaliyotulia, na lingine limelowa nusu liko juu ya meza, anza na lililo mezani. Lililozama litoe pale tu unapokuwa na mahali pa kuligandisha.

Kugandisha na kukausha

Kugandisha hakukaushi wala hakuui kuvu. Kunasimamisha saa. Waraka uliogandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri unaweza kukaa miaka ukisubiri fedha na fundi, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Kukausha baada ya kugandisha hufanywa ndani ya chumba cha chuma chenye pampu ya kutoa hewa. Shinikizo likishushwa chini ya milibari 6, barafu haiwezi kuyeyuka kuwa maji, bali hugeuka moja kwa moja kuwa mvuke na kunaswa kwenye sehemu ya baridi kali. Kwa kuwa hakuna maji yanayotiririka, wino hautambai na kurasa hazigandani upya. Katika kisa cha Köln kazi hii ilianza kwa msaada wa taasisi iliyokuwa na mtambo huo Münster, na baadaye jiji likaanzisha kituo chake cha ukarabati na uchukuaji picha za kidijitali huko Porz.

Si kila kitu huingia humo. Ngozi ya kuandikia ikikaushwa bila udhibiti hujikunja na kuwa ngumu. Hiyo hukaushwa polepole ikiwa imevutwa kingo zote. Mihuri ya nta huwekwa mbali na joto na uzito. Negativu za vioo za karne ya 19 hazigandishwi kabisa, kwani tabaka la picha hubanduka. Karatasi inayong'aa, ile ya majarida na ripoti za mwaka, ina wakati mfupi kuliko zote: ikianza kukauka ikiwa imebanana, inakuwa tofali moja lisilofunguka. Ndiyo maana hupelekwa kwenye friza kabla ya madaftari ya miaka 300, hata kama inauma kufanya hivyo.

Maboksi yasiyo na majina

Jengo lilipoanguka, ghorofa zilipindukia juu ya nyingine. Daftari la karne ya 14 lilitua kando ya faili ya kodi ya 1970, na kurasa za kitabu kimoja zikatawanyika pande zote za kifusi. Waokoaji hawakuwa na jinsi ila kuweka kwenye boksi chochote kilichotoka pamoja. Maboksi yakajaa, ukumbi ukajaa, yakahitaji kuondoka haraka. Takriban hifadhi 20 nyingine za Ujerumani zilikubali kuyapokea kwenye rafu zilizokuwa tupu.

Huduma hiyo ilikuwa ya ukarimu mkubwa, na bila hiyo karatasi zingeoza. Bei yake ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kusema kilichomo ndani ya boksi fulani katika mji fulani. Watunza nyaraka wa Köln walilazimika kuzunguka kwenye hifadhi hizo, kufungua boksi moja baada ya jingine, kukipa kila kitu msimbopau, kuandika maelezo kwenye hifadhidata, na kulinganisha na orodha za zamani: muundo wa mwandiko, aina ya jalada, namba iliyoandikwa kwa penseli, jina la mtaa. Vitu vilivyoandikishwa hivyo vilizidi milioni moja. Mbali na hivyo kulikuwa na mamilioni ya vipande vidogo vilivyochanika, ambavyo vilipangwa kuchukuliwa picha na kuunganishwa kwa programu ya kompyuta.

Nani alitambulika haraka? Aliyebeba jina lake mwenyewe. Hati iliyoandikwa namba ya rejea nyuma yake ilirudi kwenye orodha kwa dakika chache. Jalada ambalo namba yake ilikuwa kwenye boksi tu, na boksi limesagika, liligeuka kuwa rundo la karatasi za mtu asiyejulikana. Tofauti kati ya hizo mbili ni mstari mmoja wa penseli, ulioandikwa au kutoandikwa miaka mingi kabla.

Kazi za ukarabati zilikadiriwa kuhitaji miaka 6,300 ya mtu mmoja, maana yake mafundi 200 kwa zaidi ya miaka 30, na gharama ya yuro milioni 350 hadi 400. Asilimia 35 ya vilivyopatikana viliwekwa kwenye daraja la uharibifu mkubwa kabisa, asilimia 50 uharibifu mkubwa hadi wa kati, na 15 tu uharibifu mdogo. Mwaka 2020 jiji lilikubaliana na kampuni za ujenzi kulipwa yuro milioni 600 kama fidia. Jengo jipya, mtaa wa Eifelwall, lilifunguliwa Septemba 2021, na ukarabati unaendelea.

Nakala zilisaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni filamu ndogo (maikrofilamu): tangu miaka ya 1960 Ujerumani ya Magharibi ilikuwa ikipiga picha za nyaraka muhimu na kuzihifadhi kwenye mapipa ya chuma kisichoshika kutu ndani ya handaki la mgodi wa zamani huko Oberried, karibu na Freiburg. Sehemu kubwa ya nyaraka za kale za Köln ilikuwemo. Ya pili haikupangwa na mtu: siku chache baada ya ajali, watafiti walifungua tovuti na kuwaomba wote waliowahi kusoma pale wapakie picha na fotokopi walizokuwa nazo nyumbani. Tasnifu ya mwanafunzi ya miaka 20 nyuma ikawa mahali pekee pa kuona ukurasa fulani. Fomu ya chumba cha kusomea ingeweza kuwa na sentensi moja inayomtaka msomaji aache nakala ya kila picha anayopiga. Haigharimu chochote na inajenga hifadhi ya pili taratibu.

Hesabu ya masijala ya kawaida

Chukua halmashauri, dayosisi au chama kikuu cha ushirika chenye mita 100 za majalada. Mita moja ya rafu yenye karatasi kavu ina kama kilo 50. Karatasi iliyozama hunywa maji kwa kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake au zaidi, hivyo mita hiyo hufikia kilo 80. Zote kwa pamoja ni tani 8. Kreti la plastiki lenye matundu, la sentimita 60 kwa 40, lisibebe zaidi ya kilo 15, vinginevyo chini patararuka na mbebaji ataumia mgongo. Unahitaji basi kreti zaidi ya 500, magari ya kuzibeba, na mahali pa baridi pa ukubwa wa makontena mawili ya futi 20 yenye majokofu.

Hapo kuna kosa linalojirudia. Kontena la jokofu la bandarini limetengenezwa kuhifadhi mzigo uliokwisha kugandishwa. Ukijaza karatasi za moto na mbichi litachukua siku nyingi kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, na katikati ya mzigo kuvu itaota. Kinachogandisha haraka ni friza za upepo mkali za viwanda vya samaki, za Mwanza na Kisumu kwa mfano. Mpango mzuri ni wa hatua mbili: kiwandani kwa usiku mmoja au miwili, halafu kontena. Kreti zisipangwe zikabanana. Acha nafasi ya kiganja kati ya safu ili upepo upite. Kwa kuwa kiwanda cha chakula hakitakubali tope na kuvu karibu na samaki, mkataba uandike kwamba kila furushi limefungwa kwenye plastiki mbili na kwamba taasisi italipia usafi wa chumba.

Mtambo wa kukaushia kwa ombwe, ule wa chumba cha chuma chenye pampu, ni nadra katika nchi zetu. Ukikosekana, toa kila siku kiasi kile tu ambacho watu wako wanaweza kutandaza na kukausha siku hiyo, kwa feni, si kwa jua wala hita. Mfanyakazi mmoja hawezi kuhudumia kwa uangalifu zaidi ya kreti chache kwa siku, na msimamizi anayeharakisha atapata kuvu mezani badala ya kuwa nayo imesimama kwenye friza.

Kuhusu majina, masijala zetu zina desturi ambayo ni hazina: kila barua kwenye faili hupewa namba ya folio. Kilichobaki ni hatua moja. Faili inapofungwa, namba ya faili iandikwe kwa penseli laini pembeni mwa namba ya folio, angalau kwenye ukurasa wa kwanza wa kila barua. Karani mmoja hufanya mafaili kadhaa kwa siku. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 ya Tanzania inazitaka ofisi za umma kutunza kumbukumbu zake ipasavyo, na penseli hiyo ni sehemu ya kutunza.

Orodha ya majalada iwe na nakala tatu: moja ofisini, moja kwenye jengo lisilotumia ukuta, paa wala mfereji mmoja na la kwanza, na moja kwa taasisi nyingine kabisa. Orodha ioneshe pia chumba, rafu na ghorofa, maana baada ya ajali mahali kitu kilipokuwa ndicho kidokezo cha kwanza cha utambulisho wake. Kwenye uokoaji wenyewe, mtu mmoja kwa kila kundi asibebe chochote. Kazi yake iwe kuandika namba ya kreti, saa, na sehemu ya chumba ilikotoka, kisha kupiga picha ya kreti likiwa wazi. Waokoaji humwona kama anayezembea. Mpe fulana ya rangi tofauti ili asisumbuliwe.

Makubaliano na hifadhi itakayopokea nyaraka zako siku ya msiba yasainiwe mapema na yataje mambo manne: idadi ya mita inazoweza kupokea, nani anabaki na haki juu ya nyaraka, nani anaruhusiwa kuzifungua, na kwamba hakuna boksi litakaloondoka bila namba iliyoingizwa kwenye rejista ya pande zote mbili. Tukio la Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, Aprili 2021, linaongeza la tano. Pale vizuizi vya moto vilizuia moto usiingie maghala ya chini, lakini maji ya kuzimia yalishuka yakalowesha nyaraka. Hivyo mkataba utaje pia pampu ya kunyonya maji: ukubwa wake, ilipo, nani ana ufunguo, na nani analipia mafuta yake usiku wa kwanza, kabla ofisi ya fedha haijafunguliwa.